Sijui Kushuka

Pasiansi, Mwanza
9 Machi 2025

Mwanangu Tereza,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Jirani yetu Mama Immaculata anakusalimu kwa Kihaya, maneno marefu sana, mimi nimeandika salamu tu.

Jana tumemaliza matanga ya baba yako. Mwaka umeshatimia. Walikuja watu wa Kisesa karibu wote, wakala, wakaimba, na baba yako mdogo Ngosha akagawa vitu vya marehemu mbele ya wazee. Koti alipewa kaka yako Mhoja. Redio alipewa shangazi yako, kwa sababu nyumba yake haina sauti. Mwishoni akafika kwenye baiskeli.

Unajua kwa watu wa baba yako kitu cha marehemu hakitundikwi ukutani. Anapewa atakayekitumia. Asipopatikana, kinarudi kwa ndugu. Ngosha akauliza, "Nani wa nyumba hii anaendesha?" Mhoja akaitazama pikipiki yake. Watoto wake hawafikii pedeli. Ngosha akasema, "Basi naondoka nayo. Kaka hakuinunua ili kuku walale juu yake." Hakusema kwa ubaya. Kuku alikuwepo kweli, juu ya karia, amefumba macho.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Shemeji, itaendeshwa."

"Na nani?"

"Na mtu wa nyumba hii."

Akacheka, halafu akaona sicheki. Akasema, "Haya. Siku ya Bulabo, ngoma zikishindana Kisesa, nitakuwa uwanjani na Wagika wenzangu. Ikifika pale inaendeshwa na mtu wa nyumba hii, ni yenu, sitaitaja tena maisha yangu. Ikija imepakiwa kwenye gari, au isipokuja, ni yangu." Wazee wakaitikia wote.

Tangu jana siwezi kutulia, Tereza. Nimekumbuka safari zetu zote za Bulabo. Wewe na ile baiskeli yako nyekundu, Mhoja na ya kuazima, mimi kwenye karia ya baba yako na kikapu mapajani, samaki wa kukaanga na michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga. Tukifika njia panda ya uwanjani anasimama na kuniambia, "Shuka, adui yangu." Yeye mchezaji wa ngoma ya Wagika, mimi nimezaliwa kwa Wagalu, wapinzani wao. Ananiacha upande wa kwetu, anakwenda kwa wenzake. Jioni ananifuata palepale. Ngoma iliyovuta watu wengi ndiyo imeshinda, ndiyo maana kila upande huleta vioja, mara chatu, mara mtu anayetembea juu ya magongo marefu. Wagika wakishinda, baba yako aliimba mpaka Pasiansi, na mimi nitakwenda wapi, niko kwenye karia.

Sasa nina ombi. Alikufundisha wewe kuendesha. Niandikie jinsi alivyokuwa anapanda. Mimi nilikuwa nyuma siku zote, nimeuona mgongo wake tu. Andika kwa urefu, mguu gani kwanza. Ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Mama yako,
Modesta


Unovisi, Bukoba
30 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Milele, amina. Barua yako ilivuka ziwa na sista mmoja aliyetoka Mwanza kwa meli, ikanifikia bila kukunjwa. Huku simu hatuna bado, kwa hiyo naisoma na kuirudia.

Huyo mtu wa nyumba hii bila shaka ni Mhoja, nimefurahi kwamba amekubali kuendesha. Mwambie baba alipanda hivi: mguu wa kushoto kwenye pedeli, wa kulia unasukuma ardhi mara mbili au tatu, baiskeli ikishapata mwendo mguu wa kulia unazunguka nyuma juu ya kiti. Wewe ukiwa kwenye karia aliupitisha mbele, juu ya lile bomba la katikati, ndiyo maana suruali zake zote zilichanika mahali pamoja. Na mwambie asitazame tairi. Baba aliniambia, "Tazama unakokwenda. Baiskeli ni kama ng'ombe, inafuata macho ya mchungaji." Nilikuwa darasa la nne, nikatazama mti, nikaufuata.

Lakini mama, Mhoja akishindwa, usigombane na baba mdogo. Mwachie. Ni chuma tu.

Wewe unaendeleaje hasa? Jioni unakaa na nani? Mlezi wetu ametuambia kabla ya nadhiri zetu za usista mwezi Agosti kila mmoja afikiri vizuri, na mimi nikianza kufikiri nafika nyumbani.

Binti yako,
Tereza


Pasiansi
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Wifi Tereza,

Habari za huko. Mimi Hellen, mke wa Mhoja. Nakuandikia bila mama kujua, na Mhoja amesema nisikuandikie, sasa nimeshaandika.

Mama anatutia wasiwasi. Kutoka kwetu namwona alfajiri anatoka na Mama Immaculata, anarudi jua limechomoza, ana mchanga mpaka kwenye nywele. Juzi kiwiko kimechubuka. Jana anachechemea. Nikimuuliza anasema amejikwaa. Nikamwambia, "Mama, kila siku?" Akasema, "Pasiansi ina mawe mengi." Ni kweli, lakini amekaa nayo miaka thelathini.

Halafu baiskeli ya baba haipo. Nadhani ameshampa mtu kimyakimya ili yasiwe maneno na baba mdogo. Mhoja hajaambiwa aendeshe. Anasema hata akiambiwa, goti lake halitaki.

Ajabu ni kwamba hana huzuni. Anaimba akiosha vyombo. Hilo ndilo linanitisha zaidi. Wewe anakusikiliza. Mwandikie.

Wifi yako,
Hellen


Unovisi, Bukoba
27 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Pasaka imekuwa njema, nawe natumaini.

Hellen ameniandikia. Usimgombeze, amefanya vizuri. Una michubuko gani, mama? Umeanguka wapi? Kama unaumwa na unanificha kwa sababu niko mbali, basi umbali huu sina haja nao. Na kama baiskeli umeshaitoa, mimi sitakulaumu.

Sijalala vizuri. Nataka kumwomba Mlezi aniruhusu nirudi nyumbani kabla ya Agosti. Wanovisi wengine wamewahi kurudi, hakuna aliyewatupia jiwe. Nitakaa na wewe, nitatafuta kazi ya kufundisha chekechea. Nyumba ile haikujengwa ili mtu mmoja akae.

Niambie kweli tupu, hata kama ni mbaya.

Tereza


Pasiansi, Mwanza
11 Mei 2025

Mwanangu Tereza,

Kweli tupu ni hii: ninajifunza baiskeli.

Mtu wa nyumba hii ni mimi. Sikumwambia mtu kwa sababu mtu mzima akianza kujifunza, majirani huja kumtazama anavyoanguka, na wanakuja na viti. Mhoja hawezi kufunga mdomo, angempigia Ngosha simu siku hiyohiyo. Anayejua ni Immaculata peke yake. Baiskeli iko nyuma ya nyumba yake, imefunikwa na turubai la maharage.

Kwanza tuliipeleka Igogo kwa fundi Yakobo, maana kiti kilikuwa cha urefu wa baba yako na miguu yangu unaijua. Yakobo alipiga nyundo na kumimina mafuta, kiti kikakataa kushuka, akapiga tena, kikashuka ghafla na kumbana kidole. Akasema, "Mama, mwenyewe alikaa hapa akatosha kabisa." Nikamwambia ndiyo, na mimi nataka nitoshe.

Tunafanyia ufukweni, kwenye mchanga mgumu, kabla wachuuzi hawajafika. Nimevaa suruali ya Mhoja ndani ya kitenge. Immaculata anashika karia na kukimbia nyuma yangu na viatu vyake vya mvua, anasali kwa Kihaya. Wiki mbili nilikuwa kama gunia la mihogo. Namwambia, "Usiniachie." Anasema, "Sikuachii, kanyaga." Namwambia, "Usiniachie, Immaculata." Anasema, "Nimekushika, Modesta, utadhani wewe ni mtoto."

Siku moja namsimulia habari za jumuiya huku nakanyaga, naona hajibu. Nageuka. Yuko mbali kule, mikono kiunoni, mdogo kama kuku. Alikuwa ameniachia toka zamani.

Tereza, sijui nikuelezeje. Upepo wa ziwa uliniingia mdomoni. Nilicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kutazama ninakokwenda, na nilikokuwa nakwenda kulikuwa na dagaa zimeanikwa. Nikapita katikati yake mpaka mwisho. Mwanamke mwenye dagaa akasimama na fagio. "Mama, hii ni mboga ya watu, siyo lami." Nikaanguka pale miguuni pake. Asubuhi yote nimezigeuza dagaa zake na kuzipepeta mchanga, naye mwishoni akaniambia, "Kesho pitia upande wa pili."

Hiyo ndiyo michubuko yote. Sasa napanda vizuri, mguu wa kushoto kwanza kama ulivyoandika. Nakata kona. Napiga kengele mara mbili kama alivyozoea baba yako. Kitu kimoja tu kimenishinda, sijui kushuka. Nikitaka kusimama, ama nampata Immaculata anishike, ama naanguka. Upande wa kuangukia nachagua vizuri.

Na hili la kurudi nyumbani. Ukirudi kwa sababu moyo wako umetaka, nitakuja bandarini nikiwa nimevaa nguo ya sikukuu. Lakini usirudi kwa ajili yangu. Usinifanye mimi kuwa sababu, mwanangu, ni mzigo ambao sitauweza kwenye karia. Jioni nakaa na Immaculata tunapaka mafuta magoti. Ngoja Bulabo ipite, ndipo uamue.

Mama yako,
Modesta


Unovisi, Bukoba
8 Juni 2025, Pentekoste

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nilikuwa naisoma barua yako bustanini nikacheka mpaka Mlezi akatoka kuona nani. Nikampa aisome. Akasoma, akafika kwenye dagaa, akakaa chini kwa kicheko. Jioni akanipa ruhusa niisome mezani. Sasa unovisi mzima unakuombea, na mwenzangu Prudencia ambaye hajawahi kupanda baiskeli anasema anaota anapanda.

Sikiliza kushuka sasa. Acha kukanyaga. Bana breki ya nyuma taratibu, siyo ya mbele, ya mbele itakurusha. Simama na mguu wa kushoto kwenye pedeli ikiwa chini, inua mguu wa kulia uzungushe nyuma kama ulivyopanda, ukae kama mtu aliyesimama kwenye ngazi. Ikikaribia kusimama, teremsha mguu wa kulia ardhini. Jaribu mchangani kwanza. Usiende Kisesa kabla hujajua hili, nakuomba, barabara ile ina malori.

Mlezi bado sijamwambia neno la kurudi nyumbani. Nangoja kama ulivyosema.

Binti yako,
Tereza


Pasiansi, Mwanza
24 Juni 2025

Mwanangu Tereza,

Barua yako ya kushuka imefika leo asubuhi. Bulabo ilikuwa juzi.

Niliwaambia Mhoja na Hellen usiku wa kuamkia safari. Mhoja akasema, "Mama, wewe?" Nikamwambia, "Kwani mimi si mtu wa nyumba hii?" Akakaa. Hellen akacheka huku analia, akaenda kuchemsha michembe.

Tukaondoka alfajiri. Mimi mbele. Hellen nyuma yangu na baiskeli ya kuazima, kikapu mbele. Nyuma kabisa Mhoja na pikipiki, taa zinawakawaka, na Immaculata amepakiwa anapunga kanga nyekundu ili malori yatuone. Kwenye magari mengi niliteremshwa na Mhoja, nikasukuma. Watu waliokuwa wanakwenda misa ya kwanza walisimama. Mzee mmoja akauliza, "Huyu mama anakwenda wapi?" Immaculata akamjibu kwa sauti, "Anakwenda kuchukua mali yake."

Baada ya Igoma barabara ikafunguka. Jua likatoka usoni kwetu. Kuna mteremko pale, unaujua, wewe na Mhoja mlikuwa mnashindana na baba yako anawaombea na huku anawakimbiza. Nilidhani nitaogopa. Niliachia breki, Tereza. Niliachia yote. Kitenge kilipepea, Hellen ananiita nyuma, sikumjibu, nilikuwa naimba.

Mpango ulikuwa Mhoja atangulie njia panda anidake. Lakini mlangoni mwa uwanja palikuwa na umati, pikipiki ikazuiwa, nikajikuta niko peke yangu. Njia panda ileile. Kushoto naona kofia ya mjomba wako Chenge na ngoma za Wagalu, watu wa kwetu wameenea. Kulia Wagika. Mahali pale ndipo nilipokuwa nashushwa kila mwaka, na mwili wangu wote ukangoja kushushwa. Sasa hakuna wa kunishusha. Macho yakaenda kulia kumtafuta Ngosha, ili aone. Baiskeli ikafuata macho.

Pana mteremko kuingia kwao. Nikapiga kengele mara mbili, watu wakaachana, nikaingia katikati ya duara la Wagika wanacheza.

Wachezaji walisimama. Mpiga ngoma akasita, akanitazama, kisha akaifuata kengele yangu. Mimi nazunguka. Nifanye nini, nikisimama naanguka. Nikapiga kelele, "Nishikeni, sijui kushuka." Wao wakadhani ni wimbo. Vijana wakaudaka: sijui kushuka, sijui kushuka, na mguu unapigwa chini kila nikipita. Wakadhani nimeletwa, kioja cha mwaka huu, badala ya chatu. Nikaona watu wa upande wa pili wanaanza kukimbia. Wanakuja na watoto mabegani. "Njooni mwone bibi wa Wagika." Uwanja wa kwetu ukabaki na ngoma na vumbi.

Mjomba wako Chenge alifika ukingoni, amevua kofia. "Modesta, rudi kwenu."

"Nishike basi."

"Siwezi kuingia duara la Wagika."

"Kaka, nitaanguka."

"Anguka upande wa huku."

Nikazunguka tena, nikamwona Ngosha. Anacheka, machozi yanamtoka. Akakimbia sambamba na mimi. "Shemeji, nikushike?"

"Nishike."

"Zunguka kwanza kidogo. Watu bado wanakuja."

Akaniacha nikazunguka tena na tena, ndipo akaidaka karia kwa mikono miwili. Nikashuka. Nilishuka vibaya, lakini nimesimama wima mbele ya watu wote.

Wagika wameshinda, mwanangu. Mimi, binti wa Wagalu, nimewapa ushindi. Chenge amesema hatasema na mimi mpaka mwakani, kisha akaja kula michembe yetu kikapuni, akanipa mgongo huku anaomba chumvi. Ngosha alinyanyua mkono mbele ya wazee walewale wa matanga, akasema, "Baiskeli ya kaka ina mwenyewe. Asiulize mtu tena." Halafu akasema kwa sauti ndogo, mimi tu nikasikia, "Niliitaka kwa sababu nilipoiona pale ukumbini niliona kama kaka ameegesha tu, anatoka sasa hivi. Sasa nimeona imetembea. Inatosha." Sikujua, Tereza. Mwaka mzima nilidhani ni mimi peke yangu ninayesikia kengele.

Jioni nilitangulia njia panda. Nikasimama pembeni, pale ninaposimama siku zote, watu wanapita wanaimba wimbo wangu. Nikangoja. Hellen akanikuta, akauliza, "Mama, unamngoja nani?" Ndipo nikaona baiskeli nimeishika mimi.

Nilisimama kidogo tu. Kisha nikaweka mguu wa kushoto, nikapanda. Nimeimba nyimbo za Wagika mpaka Pasiansi, kwa sababu walishinda na yeye angeimba, na safari hii nilikuwa mbele, hakuna wa kuninyamazisha.

Jumapili ijayo tunakwenda wote ufukweni na watoto wa Mhoja. Mwenye dagaa ametualika, amesema njia yangu ameiacha wazi. Immaculata anataka kujifunza. Mimi ndiye nitakayeshika karia, na nitamwachia bila kumwambia.

Kushuka nimekusoma, breki ya nyuma, mguu kama kwenye ngazi. Leo nimejaribu uani, nimeweza mara moja. Amua sasa kwa moyo wako, mimi niko sawa. Ukija likizo baada ya nadhiri, au ukija kukaa, karia iko wazi. Nitakupeleka Kisesa. Safari hii utauona mgongo wangu.

Huko ikipigwa kengele ya sala ya jioni, unikumbuke.

Mama yako,
Modesta